Kamuulize Mjomba Wako

Siku hizi mtu akishikwa na hamu ya kujua asili ya familia yake, humketisha mzazi, huweka simu ya kurekodi mezani na kuuliza: ulizaliwa lini, ulisoma wapi, babu alitoka wapi? Uulizaji wa namna hii umekwisha kuamua mambo mawili kabla jibu halijatoka: kwamba mzazi ndiye mwenye habari, na kwamba habari za mtu hupanda kutoka kwake kwenda kwa baba, kwa babu, kwa baba wa babu. Ukienda nao Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru, utakwama mapema. Waluguru huhesabu ukoo kukeni. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Ardhi ya ukoo husimamiwa na wajomba na kurithiwa na wapwa. Baba, hata apendwe vipi na wanawe, kwa hesabu ya ukoo ni mtu wa nyumba nyingine. Anayetaka habari za baba yake hana budi kwenda kwa watu wa bibi mzaa baba, kwenye ukoo ambao yeye mwenyewe si mmoja wao.

Mama yangu ni mtu wa Matombo. Nilipomuuliza ukoo wao ulifikaje pale, alikuwa akimenya ndizi za kupika, na hakusimamisha kisu.

"Hayo kamuulize mjomba wako, baba," alisema. "Yananihusu, ila kuyasema ni kazi yake."

Nikaenda. Mjomba anakaa juu kidogo ya soko la Mtamba, mahali ambapo nyumba zimekalia vitambarare vidogo vilivyochongwa ubavuni mwa mlima, na migomba na mifenesi imeshuka hadi kijitoni. Nilimwamkia, nikapewa kigoda, nikaeleza nililolijia. Hakuanza na watu. Alianza na mipaka: kutoka jiwe lile hadi mkuyu ule, kisha kijito, kisha makaburi. Baada ya makaburi ndipo wakaja watu, na wa kwanza kutajwa walikuwa wanawake, kila mmoja na mabinti zake, nani alihamia ng'ambo ya Ruvu mwaka wa njaa, na ni mgeni yupi aliyekaribishwa kulima kwa ruhusa, ambaye mpaka leo wajukuu zake huleta mchele kidogo baada ya mavuno kukiri kwamba shamba si lao. Alisimulia kwa mpangilio, bila kujikwaa hata mara moja, na katika masimulizi hayo yote hakukuwa na mtoto hata mmoja. Nilipomuuliza yeye na mama walichezea wapi walipokuwa wadogo, na nani kati yao alikuwa mtundu, alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hayo nayo ni ya kuandika?"

Swali lake nimelichukulia kwa uzito tangu siku ile, kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza hivyo. Ukipita katika mapokeo mengi ya kutunza historia ya familia, Afrika Mashariki na nje yake, utakuta yamejaa majina, safari, vita na mashamba, na utoto umekosekana karibu kila mahali.

Chukua Wasomali. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi angali mdogo: ataje baba, babu, baba wa babu, na kuendelea mpaka jina la mwasisi wa ukoo. Mapokeo hayo yamevuka bahari. Mtoto aliyezaliwa Eastleigh, Nairobi, au Minneapolis kule Marekani, ambaye hajawahi kuchunga ngamia, bado anaweza kufundishwa mnyororo huo na baba au bibi yake. Ni hazina kubwa, na mimi huwaonea Wasomali wivu kwa hilo. Hata hivyo mnyororo wenyewe ni wa wanaume watupu. Mama hayumo, na kila baba aliyemo ametajwa kama kiungo: alizaliwa na fulani, akamzaa fulani. Alichokula, alichokiogopa na aliyemfundisha kusoma havimo.

Buganda nako kuna okulanya. Mtu husimama akajitaja kwa jina lake, la baba, la babu, ukoo wake na mwiko wake, na wasikilizaji hujua hapo hapo kama anaweza kuoa katika nyumba ile au la. Hesabu hiyo ni ya kuumeni kwa wote isipokuwa ikulu: kwa mila, watoto wa Kabaka walichukua ukoo wa mama, na hivyo koo nyingi zilikuwa na matumaini ya kutoa mfalme. Tofauti hiyo moja inaonyesha waziwazi kwamba hesabu ya ukoo hufuata haja. Mahali penye haja ya kugawana kiti, hesabu iligeuzwa ikapita kwa mama, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi jambo ninaloliamini ni hili: kila jamii hukumbuka kile kinachoweza kudaiwa. Mjomba wangu hukumbuka mipaka kwa sababu mipaka hudaiwa. Msomali hukumbuka mababu kwa sababu msaada, kisasi na fidia vilipita humo. Mganda hukumbuka mwiko kwa sababu ndoa hudaiwa humo. Utoto wa mama yangu haumpi mtu yeyote shamba, mke wala kiti, kwa hiyo hakuna aliyewekwa kuutunza. Umebaki kichwani mwake peke yake, na atakapoondoka utaondoka naye, hata kama ukoo umehifadhiwa vizuri kiasi gani.

Kwa Waluguru hata jina huweza kuuficha utoto wa aliyelibeba. Mkubwa wa ukoo anapofariki, mrithi hupokea jina lake pamoja na mamlaka. Kule Kinole, Kingalu, mwenye sifa ya mvua, ni jina lililochukuliwa na watu wengi wakifuatana. Msimulizi husema "Kingalu" bila kueleza yupi, na msikilizaji husikia habari za mtu mmoja aliyeishi vizazi na vizazi. Mpango huo una nguvu yake: mauti hayaukati ukoo. Lakini kila aliyepokea jina alikuwa na jina jingine alipokuwa akichunga mbuzi, na hilo ndilo ambalo simulizi la ukoo halina pa kuliweka.

Pwani wana kalamu kwa karne nyingi, na ungetegemea hali iwe tofauti. Kweli, Kilwa na Pate zina tarikhi zao, na familia nyingi zina karatasi za nasaba zinazofika Hadhramaut, Omani au Shirazi. Ila ukizisoma utakuta ni mnyororo uleule, sasa kwa wino. Kitabu kimoja kilichoukaribia utoto ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Humo mtoto anazaliwa, anapewa jina, anapelekwa chuoni, anaingia jandoni. Ni kazi ninayoipenda sana, na mtafiti yeyote wa pwani hawezi kuikwepa. Lakini mtoto wake ni mtoto wa desturi, afanyiwaye hivi na hivi. Utoto wa Mtoro mwenyewe umekaa nyuma ya mlango.

Aliyeufungua mlango huo alikuwa mwanamke, na aliufungua akiwa mbali na kwao. Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, na mama wa Kicherkasi. Mwaka 1866 aliondoka, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mume akafariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake zilitoka kitabuni kwa Kijerumani mwaka 1886, na mwenyewe alieleza kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe. Humo ndimo tunamkuta binti mdogo anayejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Hakuna nasaba ya Al Busaid, ukoo wa baba yake, ambayo ingekumbuka mfupa ule.

Kwa nini aliweza yeye, na mjomba wangu hawezi? Nadhani ni kwa sababu watoto wa Salme hawakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Hamburg hawakuwa na shangazi, bibi wala yaya wa Mtoni ambaye angewaambia mama yao alikuwa mtoto wa namna gani. Matombo, kinyume chake, kila mtu anaamini mwenzake anajua. Mama anakutuma kwa mjomba, mjomba anakurudisha kwa mama, na mtoto aliyekuwa akicheza kijitoni anapotelea katikati ya hao wawili.

Ndiyo maana niliporudi kwa mama niliacha kumuuliza ukoo. Niliacha na tarehe pia. Wazee wa rika lake wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Kuna daftari la ubatizo katika misheni ya Matombo, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, na kwa aliyebatizwa linasaidia sana, lakini linatoa siku ya maji na si mwaka wa njaa. Halafu karatasi zote za baadaye, za shule na za vitambulisho, zimemwandika mtu kwa jina la baba yake, na ukoo wa mama hauna hata nafasi ya kujazwa. Karatasi inakwenda kuumeni wakati mdomo unakwenda kukeni, na anayetegemea moja tu atapata nusu ya mtu.

Nilimuuliza mama njia ya kwenda shuleni ilipita wapi. Hapo alisema kwa muda mrefu. Alitaja mti aliouogopa, jiwe la kupumzikia, mahali pa kuvuka mto mvua zikinyesha, na dada yake aliyembeba mgongoni kisha akamwangusha. Nilimuuliza walilala wangapi kwenye kitanda kimoja na nani alikaa ukutani. Nilimuuliza ugali ulipopungua, nani alikula mwisho. Kila swali la mahali au la mwili lilileta habari, na karibu kila swali la "kwa nini" lilimnyamazisha.

Kisha akaniambia, bila kuulizwa, habari za matuta.

Hili ni jambo ambalo wanahistoria wameliandika sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kwa udongo mwembamba wa upande wa mashariki, kazi ile ilifukua udongo usio na rutuba na kuuweka juu, na watu waliona wenyewe mavuno yakishuka. Julai 1955 upinzani ulilipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Ukitaka habari hizo kwa upana, zimo katika kazi za Roland Young na Henry Fosbrooke ya mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, na za Peter Pels aliyechunguza wamisionari na Waluguru katika eneo hilihili. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na hasira ya matuta iliipa masikio ya watu milimani.

Mama alikuwa na umri wa kama miaka minane. Hakumbuki mpango, wala TANU, wala bunduki. Anakumbuka kwamba mama yake alirudi jioni udongo umekauka kwenye khanga mpaka magotini, na kwamba siku za matuta hakuna aliyepika, watoto wakala viazi vya jana vilivyopoa. Anakumbuka wiki moja ambayo watoto wote walikatazwa kwenda sokoni, na watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini hata mchana. Mjomba, niliporudi kumuuliza kuhusu mwaka huohuo, alisema mara moja ni shamba lipi la ukoo liliharibiwa na lilichukua miaka mingapi kupona. Nimezisoma habari hizo mbili pamoja na vitabu, na kwangu mimi ndipo mwaka 1955 ulipopata uzima. Vitabu vinaeleza kwa nini watu walikataa. Mjomba anaeleza walipoteza nini, na viazi vilivyopoa vinaonyesha kazi ile ilivyoingia mpaka jikoni.

Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa maana kuuliza kuna hatari yake, na hatari kubwa ni ya muulizaji. Alex Haley, Mmarekani mweusi aliyeandika Roots mwaka 1976, alianza mahali pazuri kabisa: barazani kwa bibi yake, Henning, Tennessee, akiwasikiliza wazee wa kike wakitaja "Mwafrika" na maneno machache aliyowaachia. Alipofika Juffure, Gambia, alikwisha kujua analolitafuta, na waliompokea walilijua pia. Baadaye watafiti waliofuatilia walionyesha kwamba mzee aliyemsimulia nasaba ya Kinte hakuwa mtunza mapokeo wa kurithi, na kwamba simulizi lilikuwa limeelekea kule mgeni alikotaka liende. Mimi bado naamini baraza la Henning. Pale bibi alisimulia bila kuulizwa, na hakuna aliyejua kwamba kitabu kingetoka humo. Juffure swali lilifika likiwa limebeba jibu lake.

Kwetu tuna mfano wa uulizaji uliofanywa kwa nidhamu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilituma wanafunzi vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji. Waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa wazee wa miaka sitini na zaidi, na kizazi cha uhuru kiliwasikiliza kwa kalamu mkononi. Uluguru inahusika humo pia, kwa sababu mzimu wa Kolelo, ambao makao yake yako milimani kusini ya Matombo, unatajwa katika chimbuko la dawa ya maji. Kazi ile iliokoa mengi. Maswali yake, hata hivyo, yalikuwa ya vita: dawa ilitoka wapi, nani aliileta, nani aliongoza. Natamani kila mwanafunzi angeuliza swali moja zaidi: siku hiyo wewe, mtoto, ulijificha wapi na mama yako alikubebea nini?

Yako pia mambo ambayo mzazi hawezi kumwambia mwanawe, na hilo si usahaulifu. Binti wa Kiluguru aliyevunja ungo aliwekwa ndani kama mwali, zamani kwa muda mrefu sana, na aliyoyafunzwa humo hayakuwa ya kusemwa mbele ya wanaume, sembuse mtoto wa kumzaa. Nilipokaribia eneo hilo mama alibadilisha mazungumzo kwa upole, na sikurudia. Mila yenyewe imeweka njia nyingine: kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani, na katika utani mengi husemeka ambayo kati ya mzazi na mwana hayasemeki. Binti yangu alikwenda kukaa na bibi yake likizo nzima, akarudi na visa ambavyo mimi sijawahi kuvisikia katika maisha yangu. Vingine alikataa kunieleza, na nadhani alifanya sawa. Anayetafuta utoto wa mzazi wake amtume mtoto wake kabla ya kwenda yeye.

Haya yote yanaharakishwa na jambo lililo nje ya mazungumzo ya familia. Ardhi ya Matombo haipiti tena kwa wajomba peke yao. Akina baba hununua mashamba na kuwapa watoto wao, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewezesha shamba kuandikwa kwa jina la mtu, mke au mume. Sina ugomvi na hilo; wajane na watoto wengi wamelindwa. Ila mipaka ikikaa kwenye hati, mjomba wa kesho hatakuwa na sababu ya kuikariri, na akiacha mipaka ataacha na makaburi, na wale mabibi waliotajwa baada ya makaburi. Habari za kukeni, ambazo mpaka sasa zimetunzwa kwa sababu zinadaiwa, zitaingia katika hali ileile ya utoto wa mama yangu: zitabaki kwa atakayeuliza kwa kupenda tu.

Upande wa baba sijaufikia bado. Bibi mzaa baba alikuwa mtu wa Mgeta, ng'ambo ya mlima, ambako watu walivuka na matenga ya mboga kichwani kushuka kuuza Morogoro mjini, na mdogo wake wa kiume yu hai. Kule mimi si wa ukoo. Nitakwenda kama mtoto wa mtoto wao, kwa njia ya Mzumbe na Mlali, na binti yangu nitakwenda naye. Mzee akianza na mipaka nitaiandika yote, kwa kuwa ndiyo anayoitunza kwa ajili ya wenzake. Binti atamuuliza tenga la kwanza alilobebeshwa lilikuwa na nini ndani, na alikuwa na umri gani.